Hozi Ilikodiwa Gari, Kidole Kikapewa Lifti

Kijana aliiweka hozi juu ya kaunta ya duka letu la hozi mjini Mbeya, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mfukoni mwa ovaroli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmetoka wapi na vumbi lote hilo?"

"Chunya. Mama, tunaomba haraka. Loda imesimama tangu jana usiku na bosi anapiga simu kila dakika."

Hozi yenyewe, bomba la mpira linalopitisha mafuta ya haidroliki, yale yenye presha yanayoisukuma loda ifanye kazi, ilikuwa imezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, halafu ikakazwa kwa waya wa kufungia nondo. Mdogo wangu, ambaye ndiye anayeshika mashine ya kubana vichwa vya hozi, akaukata ule mpira kwa kisu. Tulitegemea kukuta mpasuko. Tulikuta kitundu ambacho bila miwani yangu nisingekiona. Ngozi ya nje ya hozi ilikuwa imelika kwa kusuguana na chuma, nyuzi za ndani zimeshika kutu, na katikati ya kutu ile mafuta yakajipatia mlango.

"Mlijuaje kama inavujia hapa?" mdogo wangu akauliza.

"Niliipapasa, loda ikiwa inaunguruma. Mafuta yanaruka, lakini sioni yanakotoka."

Akautoa mkono mfukoni. Kidole cha shahada kilikuwa na alama ndogo pembeni ya pingili ya juu, isiyotoa damu. Ila kidole chote kilikuwa kimejaa, ngozi imevutika na kupauka, na hakikunji.

"Kilinidunga tu. Nikaenda zahanati, nikachomwa ya pepopunda, nikapewa panadoli."

"Saa ngapi hiyo?"

"Jana. Saa nne usiku hivi."

Saa yetu ya ukutani ilikuwa inakaribia saa tano asubuhi. Nikamwambia dereva amuwahishe kijana hospitali ya rufaa sasa hivi, hozi tutaendelea nayo. Dereva akatazama simu yake, akatazama hozi, akanijibu kwa adabu kabisa:

"Mama, mimi nimetumwa hozi."

Hakuwa mkorofi. Alikuwa ametumwa kweli. Gari lilikodiwa kwa ajili ya hozi. Mwenye kidole alipanda kwa sababu ndiye aliyejua vipimo vyake.

Tuliita bodaboda. Hozi ikaisha mapema, ikapakiwa, ikapandisha Kawetere na kupita Lwanjilo kurudi kazini. Nadhani kabla jua halijazama loda ilikuwa inachota mawe, na kijana yuko kwenye kitanda cha magurudumu anasubiri kuingizwa chumba cha upasuaji.

Wiki zimepita na sentensi ile ya dereva bado ninapika nayo, ninalala nayo.

Uzi usioonekana

Loda za andagraundi, zile mashine za kuchota mawe chini ya ardhi mgodini, wengi wenu mnazijua kuliko mimi, kwa hiyo sitakaa hapo. Nitaeleza kile kitundu, maana hata hapa mjini, kwa mafundi wanaoshinda kwenye mashine za kuchimbia na matrekta, nimekuta wengi wanakidharau.

Presha ya mafuta kwenye mashine za namna ile huzunguka bar 200, na ziko zinazopanda zaidi. Tairi la gari dogo hujazwa bar 2 na kitu. Mafuta yenye presha ile yakipata upenyo hutoka kwa kasi inayokaribia au kupita mita 200 kwa sekunde, na uzi wake ni mwembamba kiasi kwamba kwa taa ya kofia huwezi kuuona. Unachokiona ni ukungu. Ukungu huo unatokea mbele kidogo, pale uzi unapovunjika na kutawanyika. Kwa hiyo mtu anapeleka mkono nyuma ya ukungu kutafuta chanzo.

Anakipata.

Glavu haimkingi. Vitabu vya usalama vinataja bar 7 tu kuwa zinatosha kupitisha mafuta kwenye ngozi ya binadamu, na hapo tunazungumzia mia mbili. Glavu ya ngozi hapo ni kofia ya karatasi kwenye mvua ya Tukuyu.

Daktari aliyempokea kijana aliuliza maswali mawili kabla hajamshika mkono. Mafuta gani? Yalikuwa na presha gani? Kijana hakujua yote mawili. Akanipigia simu, mimi nikampigia fundi wao aliyebaki Chunya, naye akaenda kusoma kwenye dumu. Nilishangaa daktari anataka jina la mafuta kuliko jina la mgonjwa, lakini baadaye alinieleza, na maelezo yake ndiyo yaliyoninyima usingizi zaidi.

Mafuta yakiingia kidoleni hayakai pale yalipoingilia. Kano zinazokunja vidole zina ala zake, yaani mifuko membamba inayozifunika, na mafuta yanazifuata ala hizo mpaka kiganjani, wakati mwingine mpaka mkononi. Yakishajaa, yanabana mishipa midogo na damu haifiki. Nyama inaanza kufa. Mafuta yenyewe ni sumu kwa nyama, na uchafu wa ndani ya mashine umesafiri nayo. Saa za mwanzo mtu hasikii maumivu makubwa. Alama ni ndogo, damu haitoki, anaona aibu hata kulalamika mbele ya wanaume wenzake. Maumivu yanapokuja usiku wa manane, kazi kubwa ya uharibifu imeshafanyika.

Tiba ni kupasua, kufungua njia yote ambayo mafuta yamepita, kusafisha, na mara nyingi kurudia tena na tena. Kila saa inayopotea inaongeza uwezekano wa kukata. Sindano ya pepopunda ni sawa kabisa kuchomwa, lakini peke yake haigusi tatizo. Simlaumu muuguzi wa zahanati. Aliletewa mtu anayesema "kimenidunga", akatazama, akaona amedungwa.

Kijana angesema hivi: "Nimeingiwa na mafuta ya haidroliki kwa presha kubwa, nahitaji daktari wa upasuaji." Maneno hayo yangempa rufaa usiku uleule. Na akiwa njiani asile wala asinywe, maana huenda akaingia moja kwa moja kupasuliwa. Asikamue, asikande kwa maji ya moto, na asisubiri kuona kama kitavimba. Achukue karatasi au lebo ya mafuta, au apige picha dumu.

Kiganja kilipona. Kidole cha shahada hakikupona.

Loda imezimwa, nguvu bado imo

Jumapili moja nilipanda basi kwenda Tukuyu kwa baba mdogo. Alikuwa fundi wa mitambo ya andagraundi kwenye mgodi mkubwa Kanda ya Ziwa kwa miaka mingi. Sasa analima parachichi na kubishana na bei ya parachichi. Nilimkuta nje ya nyumba, mvua ndiyo imekatika.

"Baba mdogo, hivi mtu anayepapasa mashine ikiwa inawaka, tatizo lake si ni kutoizima tu?"

Nilidhani nimeuliza swali lenye jibu ndani yake. Hakunijibu. Akanipeleka kwa jirani mwenye trekta lenye kijiko cha mbele, akamwomba funguo kwa Kinyakyusa, akawasha, akakinyanyua kijiko mpaka usawa wa kifua changu, akazima. Kimya. Akachomoa funguo, akaziweka mkononi mwangu.

"Imezimwa, mwanangu?"

"Imezimwa."

"Haya. Kaa huku nyuma ya tairi. Usisogee."

Akanyoosha mkono, akasukuma wenzo mmoja kidogo. Kijiko kikashuka kwa uzito wake wote na kugonga udongo mpaka maji ya dimbwi yakaruka. Injini haikuwa imelia hata mara moja. Funguo nilikuwa nazo mimi.

"Hicho kilikuwa kitupu," akasema.

Nimekaa kwenye biashara ya haidroliki muda wote huu nikidhani naijua. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba nguvu iliyomo kwenye mashine haihitaji injini ili kuua. Kijiko kikiwa juu, uzito wake unayakandamiza mafuta yaliyofungiwa ndani ya silinda. Ukilegeza nati ya hozi pale, umeufungulia uzito wote njia. Silinda yenye kipenyo cha sentimita 10, kwa bar 200, inasukuma kwa nguvu ya tani 16 hivi. Hakuna bega la mtu linaloishikilia.

Halafu kuna akumuleta, chupa nene ya chuma ambayo upande mmoja ina gesi ya naitrojeni na upande wa pili mafuta. Kazi yake ni kutunza presha, kwa mfano ya breki, ili mashine ikizimika ghafla mteremkoni breki ziendelee kutii. Nzuri kabisa. Lakini maana yake ni kwamba loda iliyozimwa tangu asubuhi inaweza kuwa na presha kamili kwenye laini zake jioni. Baba mdogo alinisimulia wapo wanaoijaza chupa ile kwa hewa ya kompresa, na wengine kwa gesi ya oksijeni kwa kuwa mtungi wa kuchomelea uko karibu. Oksijeni na mafuta chini ya presha hulipuka. Nikamuuliza kama kweli kuna mtu hajui hilo. Akaniangalia tu.

Utaratibu wake yeye ulikuwa hivi, na aliusema taratibu mpaka nikaandika. Peleka mashine mahali tambarare penye paa imara. Shusha kijiko chini kabisa. Zima. Sukuma wenzo zote huku na huku mpaka zisijibu. Fungua vali ya kutoa presha ya akumuleta, kisha soma geji, usikisie. Kama ni lazima kijiko kibaki juu, weka egemeo la chuma lililotengenezwa kwa ajili hiyo, wala si gogo. Sukumia kabari kwenye matairi. Funga swichi kuu kwa kufuli. Jaribu kuwasha. Ikikataa, ndipo ushike spana.

"Na kutafuta panapovuja?"

"Kipande cha boksi. Kirefu. Unapitisha mbali na mwili wako, mafuta yakikitoboa umeshajua. Kisha unazima, unatoa presha, ndipo unasogea."

Boksi! Hapa dukani tunayachoma maboksi kila jioni.

Kule chini huwezi kuruka pembeni

Baada ya Tukuyu nikaanza kuwasumbua wateja. Kila aliyeleta hozi kutoka andagraundi nilimwekea kiti na chai, nikamuuliza kazi inavyokwenda. Nilichojifunza ni kwamba mambo mengi ninayoyaona kwenye gereji ya juu, kule chini hayana nafasi ya kosa.

Juu, hozi ikipasuka fundi anaruka nyuma. Kwenye njia ya mgodi nyuma yake kuna ukuta wa mwamba, na nafasi kati ya loda na ukuta ni ya mtu mmoja kupita upande. Hozi iliyong'oka kwenye fitingi, kile kichwa cha chuma cha kuiungia, inachapa huku na huku. Kwenye sehemu wazi inachapa hewa. Kelele ni nyingi, kwa hiyo mwenzako akikuita husikii. Taa pekee ni ile ya kofia yako, na inamulika pale tu unapotazama.

Loda hizi zimeungwa katikati kwa kiungo, nusu ya mbele na nusu ya nyuma, na usukani wake unazikunja nusu hizo kwa silinda za haidroliki. Opareta akigusa usukani kidogo, pengo la pale katikati linafumba. Mtu aliyesimama humo kuelekeza, au kupaka grisi, au kuokota spana iliyodondoka, hana pa kwenda. Kuna chuma cha kufungia kiungo kile kisikunjike, kinakuja na mashine kutoka kiwandani. Nilimuuliza mteja mmoja kama chao wanakitumia. Akacheka, akasema kipo, wamekitumia kama egemeo la mlango wa stoo.

Kubwa kuliko yote ni moto. Hapa nitakaa kidogo.

Ule ukungu wa mafuta niliousema ukigusa tabo au ekzosi iliyochemka unashika moto, na mafuta ya kawaida ya haidroliki yakiwa ukungu yanawaka kwa urahisi ambao ukiyatazama kwenye dumu huwezi kuamini. Juu utazima kwa mchanga au utakimbia. Chini, moshi unafuata njia ileile ya hewa unayoivuta, na unawafikia watu ambao hawajui hata kama kuna moto.

Agosti 8, 1956, kwenye mgodi wa makaa wa Bois du Cazier, Marcinelle, Ubelgiji, kigari cha makaa hakikuingizwa sawasawa kwenye kizimba cha kupandishia. Kizimba kikaanza kupanda kabla ya wakati, kigari kikiwa kimechomoza nje. Kikang'oa boriti, nayo ikakata bomba la mafuta yenye presha pamoja na nyaya za umeme. Mafuta yakaruka, umeme ukatoa cheche. Walikufa watu 262, na zaidi ya nusu yao, 136, walikuwa vibarua kutoka Italia. Mwaka uliofuata nchi za Ulaya zilizokuwa na umoja wa makaa na chuma ziliunda tume ya usalama wa migodi, na moja ya kazi zilizosukumwa baada ya maafa yale ni mafuta ya haidroliki yasiyoshika moto kirahisi, mengine yakiwa zaidi ya asilimia 90 maji.

Niliposoma habari ile nilifikiria makaa ya Kiwira, ambako watu wetu walikuwa wakiingia chini ya ardhi. Nilifikiria pia wale Waitaliano. Walikwenda kutafuta maisha, wakaishia kwenye takwimu kwa sababu ya bomba moja.

Sijawahi kuuza dumu hata moja la mafuta yale yasiyoshika moto. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Mama, huku kwetu si Ulaya"

Bosi wa kijana alikuja mwenyewe siku moja, akitaka hozi nyingine za loda ileile. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nikashindwa, na naona ni haki niseme hivyo.

Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mikono yake ina makovu ya sululu. Alianza kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, huko Matundasi akiwa na kamba na ndoo, kwenye ardhi hiihii ya Lupa ambayo watu wanaifukua tangu miaka ya 1920. Loda si yake, ameikodi, mtumba, na anailipia iwe inafanya kazi au imesimama. Ni yeye aliyemlipia kijana sehemu ya matibabu bila kushurutishwa na mtu.

"Mama, nikifuata hayo yote ya kwenye vitabu, nitachimba lini? Huku kwetu si Ulaya. Nikisimamisha loda nusu siku, vijana thelathini hawana cha kufanya, na jioni wanataka posho."

"Na kidole?"

"Kidole kimeniuma. Lakini wewe mwenyewe unaniambia nibadilishe hozi zote. Hozi anauza nani?"

Hapo alinipata.

Kila ushauri wangu wa usalama unaishia kwenye kaunta yangu. Nikimwambia mteja hozi iliyoliwa ngozi haifai, mimi ndiye ninayepokea pesa ya mpya. Nimelala na hilo pia, na sijalitatua. Nilichoweza kumwambia bosi ni kwamba tuweke hozi pembeni kwanza. Kushusha kijiko chini ni shilingi ngapi? Kusukuma wenzo? Kipande cha boksi? Kile chuma cha kufungia kiungo, ambacho tayari anacho? Kufuli la sokoni Mwanjelwa ni bei ya chakula cha mchana cha watu wawili.

Tulibishana zaidi kwenye kufuli. Yeye alisema funguo za loda zinakaa kwa msimamizi, inatosha. Nikamweleza kama baba mdogo alivyonieleza. Fundi yuko chini ya mashine. Shifti inabadilika. Msimamizi wa usiku anapokea funguo, anaona loda imesimama, anamwita opareta: "Washa, tumechelewa." Hakuna mwenye nia mbaya hapo, kila mmoja ametumwa kazi yake. Kwa hiyo kila anayeingiza mkono kwenye mashine anaweka kufuli lake mwenyewe kwenye swichi kuu, na ufunguo unakaa mfukoni mwake. Wakiwa watatu, makufuli matatu. Akienda kula na kufuli lake, loda inamsubiri.

"Akilisahau akaenda nalo nyumbani?"

"Utampigia simu arudi."

"Nyumbani kwake ni Mbarali, mama!"

Tukacheka wote wawili. Lakini alinunua makufuli manne kabla hajaondoka mjini. Nilimwona kwa macho yangu. Kama yanatumika au yamefungia stoo, hilo sina hakika nalo.

Kuna jambo moja ambalo hatukulicheka. Nchi yetu ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wana ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya. Ipo pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyouleta mfuko ambao mwajiri anauchangia ili mtu akiumia kazini alipwe. Kijana yule alikuwa analipwa kwa siku, kwa mdomo. Jina lake halikuwa kwenye orodha yoyote. Nilipomuuliza bosi alivyojisajili, alitazama viatu vyake, akasema hilo analifanyia kazi. Kijana hajalipwa fidia ya kidole mpaka ninapoandika haya. Ameniambia anajifunza kushika kalamu kwa kidole cha kati.

Kaunta yetu siku hizi

Tumebadilisha vitu viwili vitatu. Baadhi ya wateja wamekasirika.

Hozi iliyofungwa mpira wa tyubu hatuirudishi kwa mwenyewe. Tunaikata vipande mbele yake, halafu tunampa mpya au anaondoka. Zamani tulikuwa tunaibakiza, "atatumia sehemu nyingine".

Fitingi iliyokwisha kubanwa mara moja hatuibani tena kwenye hozi nyingine. Watengenezaji wanakataza, na sababu ni rahisi: chuma kimeshakunjwa kwa kipimo cha hozi ya kwanza. Hozi zenyewe zimeandikwa ubavuni presha ya kufanyia kazi, na kwa kawaida zimetengenezwa zipasuke kwenye presha mara nne ya hiyo. Mteja akisikia "mara nne" anadhani amepewa nafasi ya kuchezea. Nafasi hiyo ni ya mapigo ya presha, ya joto, ya kuzeeka kwa mpira. Siku hizi mdogo wangu anaandika kwa rangi nyeupe presha na tarehe kwenye kila hozi inayotoka. Inachukua dakika moja, na yeye analalamika kila mara kwamba rangi inamganda vidoleni.

Na tunauliza maswali. Hozi imekaa wapi kwenye mashine? Inapita karibu na ekzosi? Kilichoikata ni nini? Maana ukiweka mpya pale pale inaposuguana na chuma, baada ya muda utakuja tena, au atakuja mwenzako. Wengine hujibu vizuri, hutoa simu na kunionyesha picha. Mmoja aliniambia, "Mama, umekuwa polisi?" Akachukua hozi yake akavuka barabara.

Ng'ambo ya barabara yuko jirani yetu, kaka mmoja tunayeheshimiana sana, tunaazimana hata chenji. Yeye anabana fitingi za zamani, nusu ya bei yetu, na foleni yake imekua tangu sisi tuache. Nilimfuata jioni moja nikamsimulia habari ya kidole tangu mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza vizuri. Akaguna mahali pa kuguna. Kisha akaniuliza:

"Dada, nikikataa mimi, si wataifunga tena kwa mpira wa tyubu?"

Nilisimama pale kibarazani kwake nikitafuta la kumjibu. Huenda ana hoja. Hozi iliyobanwa upya na mtu mwenye mashine ni afadhali kuliko tyubu na waya wa nondo. Na pia hozi iliyobanwa upya ndiyo inayompa opareta ujasiri wa kusogea karibu. Sijui lipi linazidi. Tumekubaliana mwezi ujao twende wote wawili Chunya, tukaone hizo loda zinavyofanya kazi, na yeye amesema nauli ya kwenda atatoa, ya kurudi ni juu yangu.